Ng'ombe Aishivyo kwa Mabua Wakati wa Kiangazi

Katika vilima vya Machakos mvua huja mara mbili kwa mwaka, kuanzia Machi na kuanzia Oktoba. Katika miezi iliyo kati ya misimu hiyo nyasi hukauka, na mara nyingi mfugaji hana ila mabua ya mahindi ya kuwapa ng'ombe wake. Mtu akila mabua hayo hatapata nguvu. Ng'ombe huyawezaje?

Siri imo tumboni mwake. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, na kile cha kwanza ndicho kikubwa kuliko vyote. Humo wamo vijidudu wengi mno wasioonekana kwa macho. Hao ndio wavunjao nyuzi ngumu za mabua na kuzigeuza kuwa chakula. Na ng'ombe alalapo kivulini akicheua, huwarahisishia kazi yao.

Mbali sana, katika milima ya Himalaya, yuko mnyama mdogo aitwaye panda mwekundu, ambaye chakula chake kikuu ni mianzi. Tumbo lake ni kama la mnyama alaye nyama. Mianzi hupita mwilini mwake kwa saa chache tu, na sehemu kubwa hutoka bila kumfaa. Kwa hiyo hana budi kuchagua majani mororo na machipukizi, kula kwa wingi, na kupumzika sana asipoteze nguvu.

Ng'ombe ana bahati kuliko panda, lakini bahati hiyo ina sharti. Vijidudu wake nao huhitaji protini. Lishe ikiwa na protini chini ya sehemu 7 hivi katika 100, wao hudhoofika na chakula hukawia tumboni. Mabua makavu kwa kawaida hayafiki kiasi hicho. Ndiyo maana ng'ombe aweza kukonda hali tumbo limejaa.

Dawa imo shambani. Majani ya mbaazi na kunde, yakikaushwa kivulini baada ya mavuno na kuchanganywa na mabua yaliyokatwakatwa, huwapa vijidudu nguvu. Maji nayo yasikosekane. Na mvua ikirudi, ng'ombe asiachiliwe ghafula katika majani mabichi, maana tumbo laweza kuvimba kwa hewa hata akafa. Na azoeshwe kidogo kidogo.

Mfugaji awekaye akiba hiyo mapema hatalazimika kuuza ng'ombe aliyekonda kwa bei ya hasara.