Vitamini C kwa Mwenye Tumbo Jepesi Kuudhika

Nzuguni, mashariki mwa Jiji la Dodoma, ni mahali pa pilikapilika. Hapo ndipo kilipo kituo kikuu cha mabasi ya mikoani, hapo ndipo lilipo Soko Kuu la Job Ndugai, na hapo ndipo wakulima hukutana kila Agosti katika viwanja vya Nane Nane. Katika maduka ya dawa ya eneo kama hili, vidonge vya vitamini C hununuliwa bila cheti cha daktari. Tangu janga la UVIKO-19 lilipoingia nchini mwaka 2020, wengi wamevizoea kama kinga ya mafua na uchovu. Lakini mwenye kiungulia, au aliyewahi kuambiwa ana vidonda vya tumbo, hubaki na swali: je, asidi hii haitanitonesha kidonda?

Swali hilo ni la haki, kwa kuwa vitamini C ni asidi askobiki. Jibu lake hutegemea mambo matatu: kiasi kinachomezwa, namna kinavyomezwa, na hali ya tumbo lenyewe.

Asidi ndani ya asidi

Tumbo lenye afya huzalisha asidi kali kuliko asidi askobiki, na utando wake hulindwa na ute mzito. Kwa hiyo kidonge kimoja hakiwezi kulitoboa tumbo lililo zima. Vidonda vya tumbo husababishwa hasa na bakteria aitwaye *Helicobacter pylori*, ambaye Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua, pamoja na matumizi ya dawa za maumivu kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni.

Hata hivyo, utando ambao tayari umevimba au kuchubuka huhisi kila kinachougusa. Mtu mwenye kidonda au mwenye asidi inayopanda kooni anaweza kupata kichefuchefu na maumivu chini ya chembe ya moyo baada ya kumeza kidonge kikubwa akiwa na njaa. Kidonge kilichomezwa kwa maji kidogo, na mtu akalala papo hapo, kinaweza pia kukwama kwenye umio na kuuchoma.

Kipimo ndicho chenye kauli

Malalamiko mengi, hata hivyo, hutokea chini zaidi, kwenye utumbo. Mtu anayepata miligramu 30 hadi 180 kwa siku hufyonza asilimia 70 hadi 90 ya vitamini hiyo. Kiasi kikipita miligramu 1,000, kinachofyonzwa hushuka chini ya asilimia 50. Kinachobaki huvuta maji ndani ya utumbo; ndipo huja gesi, msokoto wa tumbo na kuharisha. Kwa sababu hiyo wataalamu wa Marekani wameweka ukomo wa miligramu 2,000 kwa siku kwa mtu mzima. Mwenye tumbo jepesi anaweza kusumbuka mapema kabla ya kuufikia.

Sasa tulinganishe na mahitaji. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo yanapendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima. Marekani inapendekeza 75 kwa mwanamke na 90 kwa mwanamume. Kidonge cha miligramu 1,000 ni zaidi ya mara kumi ya kiasi hicho. Kuhusu mafua, uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba kwa watu wa kawaida vitamini C haizuii kuugua. Kwa wanaoitumia kila siku hupunguza kidogo tu muda wa ugonjwa.

Namna ya kupunguza adha

Anayehitaji kidonge aanze na kiasi kidogo, akimeze baada ya chakula kwa glasi nzima ya maji, na akae wima kwa muda. Kama kipimo ni kikubwa, akigawe mara mbili. Zipo pia chumvi za vitamini hii, kama askobeti ya kalsiamu, ambazo si chachu; utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2006 uliona kwamba watu wanaosumbuliwa na vyakula vichachu walizivumilia vizuri zaidi. Vidonge vinavyoyeyushwa kwenye maji huwa na sodiamu na hutoa gesi. Mwenye shinikizo la juu la damu asivifanye kinywaji cha kila siku. Aliyewahi kupata mawe ya figo, au mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, asitumie vipimo vikubwa bila ushauri wa daktari.

Sahani kabla ya kopo

Nyanda za kati zina hazina yake. Gramu 100 za unga wa ubuyu mara nyingi huwa na zaidi ya miligramu 100 za vitamini C; chungwa lenye uzito huo huwa na takriban 50, na pera hufikia 200. Zabibu, fahari ya Dodoma, zina kiasi kidogo sana. Mboga zilizoanikwa juani kisha zikachemshwa hupoteza sehemu kubwa ya vitamini hii, hivyo mlo wa kiangazi wa ugali na mlenda mkavu unahitaji tunda pembeni.

Ubuyu nao ni mchachu. Mwenye kiungulia achanganye kijiko kimoja kwenye uji ulioanza kupoa, aone tumbo linavyopokea, kisha aongeze. Ubuyu wa peremende, wenye sukari, rangi na pilipili, haumfai.

Dalili zisizopaswa kusingiziwa vitamini

Hatari kubwa ni kukilaumu kidonge huku ugonjwa ukiendelea. Maumivu yasiyokoma baada ya kuacha vitamini, kinyesi cheusi kama lami, kutapika damu, kumeza kwa shida au kupungua uzito bila sababu ni dalili za kwenda hospitalini bila kuchelewa. Mgonjwa amweleze mhudumu kwamba anatumia vitamini C, kwa kuwa inaweza kuficha damu katika baadhi ya vipimo vya choo. Na mama mjamzito ambaye tumbo linamsumbua asiache vidonge vya madini ya chuma kimyakimya. Huenda madini hayo ndiyo yanayomsumbua, na kliniki inaweza kumshauri namna nyingine ya kuvitumia.