Komeo la omo: Kifaa kidogo kinachopunguza hatari ya kushua boti kutoka kwenye trela

KWA mwenye boti inayobebwa kwa trela, hatari ya kwanza ya safari haipo baharini. Ipo kwenye mteremko wa zege unaoingia majini, pale chombo kinaposhuliwa au kinaporudishwa juu ya trela.

Kwa kawaida mtu mmoja husimama mbele ya trela, miguu ikiwa majini na mwani ukimtelezesha, akihangaika na winchi huku mwenzake akisubiri kwenye usukani. Mpini wa winchi ukimponyoka, huzunguka kwa kasi na unaweza kumvunja mkono. Mkanda uliochakaa ukikatika, hurudi kama mjeledi.

Ili kupunguza hatari hiyo, yapo makomeo maalumu yanayofungwa kwenye nguzo ya winchi, mbele ya trela. Yamezoeleka Australia, New Zealand na Marekani, ambako wengi huweka boti nyumbani na kuivuta kwa gari hadi majini. Katika Afrika Mashariki, yanawafaa wanaotumia trela kwa boti za fibaglasi au aluminiamu, iwe pwani au katika maziwa makuu.

Linavyofanya kazi

Boti nyingi za aina hiyo zina pete ya chuma kwenye omo, ambako kulabu ya winchi hushikizwa. Nahodha anapoipandisha boti taratibu juu ya trela, pete hiyo husukuma pini ya komeo iliyo na springi. Pete ikishapita, springi huirudisha pini mahali pake na boti hunaswa, mfano wa mlango unaojifunga wenyewe.

Wakati wa kushua, kamba fupi iliyofungwa kwenye wenzo wa komeo huvutwa, pini huachia na boti hurudi nyuma. Kwa njia hiyo winchi haibebi tena mzigo wakati kulabu yake inafungwa au kufunguliwa.

Mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Jambo la kwanza ni pete yenyewe. Kila komeo limetengenezwa kwa pete ya unene fulani: iliyo nene mno haiingii, na nyembamba mno huchezacheza. Hivyo ni lazima kuipima kwa milimita kabla ya kwenda dukani. Pia ichunguzwe ndani ya boti kama imekazwa kwa bolti na bamba la kuitegemeza, kwani komeo imara halina maana ikiwa pete inaweza kung'oka.

Jambo la pili ni uzito. Wengi huhesabu uzito wa boti tupu na kusahau kwamba lita 200 za petroli zina takriban kilo 150, na injini ya nguvu za farasi 150 ina zaidi ya kilo 200. Kwenye mteremko wa asilimia 13, boti ya kilo 1,500 iliyo juu ya roda huvutwa kuelekea majini kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 200. Boti ikistuka au trela ikigonga shimo, nguvu hiyo huongezeka ghafla.

Jambo la tatu ni madini. Kwa maji ya chumvi, chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 hudumu kuliko cha 304, kwa kuwa kina molibdeni inayokisaidia kustahimili chumvi. Chuma kilichopakwa zinki huweza kufaa zaidi katika maji baridi.

Jambo la nne ni kimo. Boti ikiwa imekaa sawasawa kwenye trela, komeo linapaswa kulingana na pete. Trela ikizamishwa mno, omo huelea juu na pete hupita bila kunaswa. Isipozamishwa vya kutosha, boti hukwama kabla ya kufika.

Utaratibu wa kushua

Maandalizi hufanyika mbali na maji: kizibo cha chini hukazwa, mizigo hupangwa na mikanda ya tezi hufunguliwa. Mkanda wa winchi na mnyororo wa usalama havifunguliwi hapo. Boti iliyo juu ya roda ikiachiwa mapema inaweza kuporomoka kwenye zege.

Gari hurudishwa nyuma hadi tezi ianze kuelea, kisha breki ya mkono huvutwa na matairi huwekewa vizuizi. Ndipo msaidizi, akiwa pembeni mwa trela, hufungua mnyororo na kulabu ya winchi. Nahodha huwasha injini, na komeo huachiwa akiwa tayari.

Komeo likikataa kufunguka, mara nyingi ni kwa sababu boti inalivuta kwa nyuma. Dawa si kuligonga kwa nyundo, bali kuisogeza boti mbele kidogo ili pini ilegee.

Utaratibu wa kupakia

Boti huletwa kwenye trela kwa mwendo wa chini kabisa. Pini ikilia na kujifunga, nahodha huweka gia ya kurudi nyuma kwa upole ili kuhakikisha kuwa pete imenaswa kweli. Injini huzimwa na kuinuliwa ili rafadha isikwaruze zege, na mkanda wa winchi pamoja na mnyororo hufungwa kabla gari halijapanda.

Kuipandisha boti kwa nguvu nyingi ya injini kuna madhara. Maji yanayosukumwa na rafadha huchimba shimo mwisho wa zege na kurundika mchanga nyuma yake. Gurudumu la trela likitumbukia humo, ekseli inaweza kuharibika. Baadhi ya maeneo nchini Marekani yamepiga marufuku upakiaji huo.

Katika pwani ya Afrika Mashariki hatari hiyo huongezwa na maji kupwa. Wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa hupita meta 3, hivyo njia iliyokuwa na maji ya kutosha asubuhi inaweza kubaki matope mchana. Ratiba ya maji huangaliwa kabla ya kuondoka nyumbani.

Barabarani

Kosa kubwa ni kuliamini komeo peke yake barabarani. Kazi yake kuu ni kuishika boti kwa muda mfupi kwenye mteremko. Mwendo wa barabarani hudai mkanda wa winchi, mnyororo wa usalama na mikanda ya tezi, vyote kwa pamoja.

Baada ya kila safari, komeo lioshwe kwa maji baridi, mchanga uondolewe na springi ijaribiwe kwa mkono. Pini inayorudi kwa uvivu isingojewe hadi safari nyingine: isafishwe au ibadilishwe kabla boti haijarudi majini.