Kipilipili si Maradhi

Huku kwetu pwani, mtoto wa kike akizaliwa hutazamwa nywele kwanza. Zikiwa za singa husifiwa. Zikiwa za kipilipili huonewa huruma, kana kwamba ana maradhi. Akikua hupelekwa kutiwa dawa ya kunyoosha. Baadhi ya dawa hizo zina kostiki, ile ile ya kupikia sabuni, nayo huunguza ngozi ya kichwa. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walieleza kwamba wanawake waliozitumia dawa za kunyoosha mara kwa mara walionekana kupata saratani ya mji wa mimba zaidi ya wasiozitumia.

Mtume (S.A.W.) alimwagiza mwenye nywele azitunze, hakubagua singa na kipilipili.

Unywele wa kipilipili huota umejipinda, na mafuta ya kichwani hayafiki nchani kwa wepesi, ndipo ukakauka na kukatika. Una kiu tu! Basi, akina mama, zilowesheni, zipakeni mafuta ya nazi, mzichanue kwa chanuo la meno mapana mkianzia nchani. Mkisuka msikaze, msusi anayemliza mtoto humnyonyoa nywele za kipajini. Wala msimfunge mtandio nywele zingali maji.