Nebula juu ya Meru: usiiamini simu yako

Mapema Februari, mawingu yakikubali, toka nje saa tatu usiku ukiwa Meru uangalie juu, karibu utosini kabisa. Zile nyota tatu zilizopangana ni ukanda wa Jabari. Kusini yake kidogo kuna doa kama ukungu. Hiyo ni nebula ya Jabari, wingu la gesi na vumbi ambamo nyota zinazaliwa, umbali wa miaka-nuru 1,300 hivi.

Sasa ipige picha ukiwa Makutano, naye beshte yako aipige akiwa Kiritiri, kule Embu. Ya nani inang'aa zaidi? Hapo simu haisaidii, bana. Inajiamulia mwanga wa kuingiza, kisha inairembesha picha. Zimeni hayo yote, mhifadhi picha ghafi, ndiyo kazi ianze.

Rula yenu ni nyota. Setilaiti ya Gaia imepima mwangaza wa nyota zaidi ya bilioni moja, kwa hivyo zilizo kwenye picha yako zinajulikana. Linganisha nazo. Ila nyota ni nukta, nebula imetapakaa. Hupimwa kwa kila kipande cha anga. Lenzi pana nayo hufifisha pembe za picha. Dawa: jioni kabla ya giza, funika lenzi kwa tishati nyeupe, piga, uone ni kiasi gani cha kurekebisha.

Halafu kuna anga yenyewe. Mkulima wa kahawa wa Embu anajua kwamba uzito wa gunia hutolewa. Na anga haiwi nyeusi kamwe: mwezi, taa za mji, hata hewa ya juu hung'aa kidogo. Utoe kiasi gani? Nebula haina ukingo. Ukidhani ukungu wake hafifu ni anga tupu, umetupa kahawa pamoja na gunia. Hata wakubwa hutoka jasho hapa. Picha ya nebula za Trifid na Lagoon, iliyotolewa Juni 2025 na kituo cha Rubin cha Chile, iliunganishwa kutoka picha 678. Kila moja ina anga yake. Zisiposawazishwa, viraka vinaonekana.

Mkipima vizuri, nebula itatoa namba karibu sawa Makutano na Kiritiri. Kitakachotofautiana ni ile anga mliyoitoa. Msiifute. Iandikeni na tarehe, kwa sababu ndiyo itakayoonyesha, miaka kumi ijayo, taa zimekula giza kiasi gani.