Fanani na Hadhira Kazini: Namna ya Kuwashirikisha Wafanyakazi katika Mafunzo

Utangulizi

Mafunzo kazini ni jambo la kawaida katika afisi, viwanda na mashamba makubwa nchini Kenya. Aghalabu huendeshwa kwa mtindo wa mhadhara. Mkufunzi husimama mbele, akasoma maandishi yanayoonekana ukutani, kisha akauliza, "Tumeelewana?" Ukumbi mzima huitikia, "Ndiyo!" Jibu hilo halithibitishi lolote, kwa kuwa aliyeelewa na asiyeelewa huitikia kwa sauti moja.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba kumshirikisha mfanyakazi si kumchangamsha tu ili asisinzie, bali ni njia ya mkufunzi kujua kama maneno yake yamefika. Aidha, yatadai kwamba mwanafunzi wa Kiswahili tayari ana sehemu kubwa ya ujuzi unaohitajika, nao ameupata katika somo la fasihi simulizi. Tutatumia mfano wa wanyunyiziaji dawa katika mashamba ya maua, kama yale yaliyo kandokando ya Ziwa Naivasha, kwa sababu katika kazi hiyo kutoelewa agizo moja kunaweza kumgharimu mtu afya yake.

Mtu mzima si mtungi mtupu

Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazil aliyeandika kitabu chake mashuhuri kuhusu elimu ya wanaokandamizwa mnamo mwaka wa 1968, alilinganisha ufundishaji wa kimhadhara na shughuli za benki. Mwalimu huweka maarifa kichwani mwa mwanafunzi jinsi mteja anavyoweka fedha, naye mwanafunzi hana la kufanya ila kupokea na kuhifadhi. Naye Malcolm Knowles wa Marekani alisisitiza kuwa mtu mzima huja darasani akiwa na tajriba yake, na kwamba hujifunza vyema zaidi anapoona uhusiano wa somo na matatizo anayokumbana nayo.

Mawazo haya si mageni katika Afrika Mashariki. Mwaka wa 1973, Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowafikia watu wazima wapatao milioni mbili. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya katika makazi yao, kwa mfano kuchimba vyoo. Yaani, mafunzo hayakuishia kwenye redio. Yalikamilika pale kikundi kilipotenda.

Hapa Kenya, tamthilia ya Kikuyu iliyotayarishwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, na kuigizwa mwaka wa 1977 inatupa funzo la aina hiyo. Waandishi, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, waliwaletea wanakijiji mswada wao, nao wakausahihisha. Miongoni mwao walikuwamo wafanyakazi wa mashambani na kiwandani, na hao waliyajua maisha yaliyosimuliwa kuliko waandishi wenyewe.

Fanani na hadhira

Katika fasihi simulizi, hadhira haiketi kimya. Fanani anaposema "Paukwa!" sharti aitikiwe "Pakawa!" ndipo aendelee. Mtega kitendawili husubiri ategewe sikio, na pasipo wa kukitegua mchezo haupo. Hadhira huuliza, hucheka, huimba kiitikio, na hata humkosoa msimulizi akipotoka. Fanani naye huzisoma nyuso zao na kubadilisha utendaji wake papo hapo.

Ni vyema hata hivyo tutahadhari. Kuiga fomula hizi bila kuzingatia kazi yake ni bure. Mkufunzi anayewaamuru watu wazima wapige makofi na kuimba kabla ya kuwasomea kurasa 40 hajawashirikisha. Amewachezesha tu. Linalofaa kuazimwa kutoka kwa fanani ni kanuni moja: usiendelee mpaka hadhira ikupe kitu kinachoonyesha ilipo.

Mfano wa mafunzo ya wanyunyiziaji

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi wake maelezo, maagizo na mafunzo yanayohitajika ili wawe salama. Tuchukulie kwamba mkufunzi amepewa siku moja na wanyunyiziaji 20. Afanye nini?

Kwanza, aanze na swali linaloweza kujibiwa kutokana na kazi yenyewe. Badala ya kufafanua istilahi, aweke mbele yao chupa iliyooshwa, yenye lebo yake, na kuuliza: ukanda huu wa rangi unatuambia nini? Huenda mmoja akasema kwamba kijani ni alama ya dawa ya majani. Jibu hilo lina thamani kubwa, maana limefichua kosa ambalo mhadhara ungelifunika. Hapo ndipo mkufunzi aeleze kuwa rangi hizo huashiria kiwango cha sumu, na kwamba nyekundu ndiyo ya sumu kali zaidi.

Pili, mwili ushiriki. Pampu ijazwe maji yaliyotiwa rangi ya chakula, na mfanyakazi mmoja avae nguo nyeupe kuukuu na kunyunyiza kama afanyavyo kila siku. Akimaliza, wenzake watafute madoa: kifuani, mapajani, mkononi alipofungua kifuniko. Hakuna hotuba inayoweza kushindana na madoa hayo. Hapo methali "Kikulacho ki nguoni mwako" hupata maana ya moja kwa moja, kwani dawa nyingi hupenya kupitia ngozini, na nguo ya kazi ikifuliwa pamoja na za watoto huipeleka sumu nyumbani.

Tatu, kuwe na uigizaji mfupi. Mmoja awe msimamizi anayemtaka mwenzake aingie kuvuna maua kabla ya muda uliowekwa baada ya kunyunyiza kuisha. Mwenzake ajibuje bila kukosa adabu wala kuhatarisha maisha yake? Washiriki wengine wamsimamishe mwigizaji na kupendekeza maneno mengine. Kujua kanuni ni jambo moja, ila kuwa na maneno ya kuitetea mbele ya mkubwa ni jambo jingine, na maneno hayo hupatikana kwa kuyafanyia mazoezi.

Vizuizi

Kizuizi cha kwanza ni lugha. Mkufunzi akitumia Kiingereza, au Kiswahili kilichojaa istilahi zisizotumika shambani, wachache wenye ufasaha watajibu kwa niaba ya wote. Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini hadhi hiyo haitamfaa mnyunyiziaji ikiwa Kiswahili anachosomewa hakieleweki. Mkufunzi achunguze kwanza jina ambalo wafanyakazi wenyewe hukiita kila kifaa, kisha alitumie.

Kizuizi cha pili ni cheo. Mfanyakazi hatasema kwamba glovu zimetoboka iwapo aliyezigawa ameketi mbele yake. Vikundi vya watu wanne au watano walio sawa kikazi, kila kimoja kikitoa maoni yake kwa pamoja, humwondolea mtu mmoja mzigo wa kulaumiwa. Hoja zitakazozuka zipelekwe kwa kamati ya usalama, ambayo sheria iliyotajwa inaitaka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Watu wakiulizwa maoni na yasitekelezwe wala kujibiwa, safari ijayo watanyamaza.

Kizuizi cha tatu ni muda. Ni kweli kwamba majadiliano huchukua saa nyingi kuliko mhadhara. Dawa yake ni kupunguza mada. Mambo matatu yaliyotendwa yana faida kuliko kumi na mawili yaliyosikizwa.

Tathmini

Mafunzo mengi hutathminiwa kwa fomu inayouliza kama washiriki walifurahia. Wanaojaza husifu, na wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tangu mwaka wa 1959, Donald Kirkpatrick wa Marekani alitofautisha ngazi nne za tathmini: washiriki walivyoyapokea mafunzo, walichojifunza, mabadiliko katika utendaji wao kazini, na matokeo yake kwa shirika. Fomu ya furaha huishia ngazi ya kwanza. Mkufunzi wa wanyunyiziaji na arudi shambani baada ya mwezi mmoja, atazame wanavyochanganya dawa na zinakofuliwa nguo za kazi. Huko ndiko kuliko na jibu lake.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba ushirikishi si mapambo ya mafunzo, bali ndio kipimo cha uelewa. Wanafunzi wa Kiswahili mara nyingi huulizwa taaluma yao itawafaa wapi nje ya darasa na chumba cha habari. Mojawapo ya majibu liko katika mashamba na viwanda, ambako watu wazima hutia sahihi kuwa wamefunzwa ilhali hawakuelewa. Anayejua kutega na kusubiri kuteguliwa ana kazi ya kufanya huko.