Mtetemo wa Sauti ya De Lucia: Utamu au Kasoro?

Msikilizaji mmoja ameniandikia barua akitaka nimweleze kwa nini waimbaji wa opera wa Ulaya hutetemesha sauti kama watu walioshikwa na homa ya baridi. Anauliza kama huo ni ufundi wanaofundishwa au ni udhaifu unaovumiliwa.

Swali hilo lisichukuliwe kuwa la mzaha. Limewagawa Wazungu wenyewe kwa zaidi ya miaka mia moja, na yupo mtu mmoja ambaye heshima yake yote, akiwa hai na hata baada ya kufa, imening'inia kwenye jibu lake. Mtu huyo ni Fernando De Lucia, mwimbaji wa mji wa Napoli, kusini mwa Italia. Leo nataka tumzungumze yeye.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Wanakwaya wanaijua tenori: ni ile sauti ya tatu, sauti ya wanaume iliyo juu ya besi. Katika opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa, mwenye sauti hiyo kwa kawaida ndiye hupewa nafasi ya kijana mpenzi. Ndiye hushangiliwa kuliko wenzake, na ndiye wa kwanza kuzomewa. Huimba bila kipaza sauti, mbele ya okestra nzima, katika ukumbi wenye watu elfu mbili au tatu.

Mtetemo wenyewe Wataliana huuita vibrato. Mwimbaji anaposhika noti moja na kuivuta, sauti yake haisimami pale pale kama msumari. Inapanda kidogo, inashuka kidogo, inapanda tena, mara tano, sita au saba katika kila sekunde. Chanzo chake ni misuli midogo ya koo inayozivuta nyuzi za sauti. Misuli hiyo, kama misuli yote ya mwili inayokazwa, haitulii kabisa, na mwimbaji aliyefunzwa huiachia icheze kwa mpango. Mmarekani Carl Seashore, profesa wa Chuo Kikuu cha Iowa, aliyechunguza jambo hili kwa mitambo mnamo miaka ya 1930, alikuta kwamba waimbaji wakubwa walikuwa na wastani wa mara sita hadi saba kwa sekunde, na kwamba umbali kutoka juu hadi chini ulikaribia nusu toni, yaani ile hatua iliyopo kati ya kibao cheupe cha kinanda na cheusi kilicho jirani yake.

Hiyo si kidogo hata kidogo. Mpiga gitaa akikosea kwa kiasi hicho bendi nzima itamgeukia. Lakini sikio la binadamu lina huruma yake: mtetemo ukiwa na kasi ya kadiri, halisikii noti mbili zinazogombana. Linasikia noti moja tu, ile ya katikati, iliyonona.

Sasa hapo kwenye neno "kadiri" ndipo penye kesi. Mtetemo ukipungua chini ya mara tano, msikilizaji anaanza kuzihesabu zile noti, na sauti inayumba kama mashua iliyoachwa na upepo. Mara nyingi hiyo ni dalili ya uzee au ya misuli iliyochoka. Ukizidi mara saba, watu husema wanasikia mlio wa mbuzi. Waingereza, Wafaransa na Wataliana, ambao hawaelewani katika mambo mengi, wote humkimbilia mnyama huyo huyo wanapotaka kumtukana tenori. Hata hivyo mpaka wenyewe haukuchorwa kwa rula. Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya walichapisha uchunguzi wa sauti ya Freddie Mercury, yule kijana aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 na akaja kuimba na bingwa wa opera Montserrat Caballé. Walikuta mtetemo wake unafikia wastani wa mara saba kwa sekunde, tena usio na mpangilio sawa kama wa waimbaji wa opera. Mimi sijasikia mtu aliyemwita huyo mbuzi.

Turudi kwa De Lucia. Alizaliwa Napoli mwaka 1860, na mwaka 1885 alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza katika San Carlo, jumba kubwa la opera la mji wake, akiimba Faust. Tarehe 31 Oktoba 1891, mjini Roma, alikuwa mwimbaji mkuu usiku opera ya Mascagni iitwayo L'amico Fritz ilipooneshwa kwa mara ya kwanza duniani. Mascagni alimrudia tena kwa opera nyingine, ikiwemo Iris ya mwaka 1898. Napoli ilimwabudu. Mtetemo wake ulikuwa wa kasi, mwembamba, unaong'aa, na kwa masikio ya nyumbani ndio uliokuwa uhai wenyewe wa sauti.

Kuanzia mwaka 1892 akaenda London, kwenye jumba la Covent Garden, na mwaka 1893 akavuka bahari hadi New York, kwenye Metropolitan. Huko mambo yakabadilika. Sauti ni ile ile, mtu ni yule yule, lakini wahakiki wa magazeti walikunja uso. Mtetemo uliowatoa machozi watu wa Napoli uliwakera wao. Alipoigiza Canio, yule mchekeshaji mwenye wivu wa opera ya Pagliacci, walikubali kwamba moto anao. Ndiye aliyeiimba sehemu hiyo opera hiyo ilipofika London kwa mara ya kwanza, na ilipooneshwa kwa mara ya kwanza Metropolitan pia, mwaka ule ule wa 1893, mara zote mbili pamoja na Melba. Lakini katika nyimbo za ulaini hawakutaka kumsikia.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni mazoea. Mwingereza wa wakati ule alilelewa na kwaya za kanisa, ambamo sauti za wavulana hunyooka kama uzi wa fundi mwashi. Sababu ya pili ni Jean de Reszke. Huyu alikuwa tenori kutoka Polandi, mtu wa adabu na sauti laini, kipenzi cha London katika miaka hiyo hiyo. Mgeni yeyote alipimwa kwa kipimo chake. Isitoshe, tenori wengine wa kusini walikwishamtangulia De Lucia na kusimangwa kwa kosa hilo hilo. Mhispania Gayarre ni mmoja wao, na kati ya waliomsimanga alikuwemo George Bernard Shaw, ambaye kabla ya michezo yake ya kuigiza kumpa jina alikuwa akilipwa kuandika habari za muziki magazetini.

Nami naongeza ya tatu, ambayo ni maoni yangu. Watu wa kaskazini mwa Ulaya walikuwa na tabia ya kuona hisia za watu wa kusini kuwa zimepita kiasi: wanalia ovyo, wanapenda ovyo, wanagombana ovyo. Sauti iliyotetemeka ilithibitisha walichokuwa wakikiamini tayari. Sisemi kwamba wahakiki wale hawakuwa na masikio. Nasema masikio hayakwenda peke yake ukumbini.

Hadi hapo ni ugomvi wa kawaida wa ladha. Lakini kesi ya De Lucia ina jambo jingine ambalo ndilo hasa lililonivutia, nalo ni santuri.

De Lucia alianza kurekodi mwaka 1902, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, na hadi mwaka 1922 alikuwa ameacha karibu sahani 400. Kwa mtu wa kizazi chake hiyo ni hazina. Sisi tuliozaliwa baadaye hatuna njia nyingine ya kumsikia. Zote zilirekodiwa kwa kuimba ndani ya pembe kubwa ya bati, bila umeme; alifariki Februari 1925, mwaka ule ule makampuni yalipoanza kutoa santuri zilizorekodiwa kwa maikrofoni.

Watu wengi hudhani santuri hizo za zamani zote zilizunguka mara 78 kwa dakika. La hasha. Katika miaka ile ya mwanzo kila fundi alikuwa na mwendo wake: wengine chini ya 70, wengine zaidi ya 80, na mara nyingi hawakuandika popote. Anayezicheza leo inambidi akisie. Na akikosea, hakosei wimbo tu, anambadilisha mtu. Wale waliowahi kuwa na radio kaseti wanalijua jambo hili bila kufundishwa: betri zikikaribia kuisha, mwimbaji kijana anageuka mzee mwenye usingizi, ukizianika betri juani zikapata nguvu kidogo, ujana unamrudia. Mwendo ukipungua, sauti inashuka na mtetemo unapungua kasi. Mwendo ukizidi, sauti inapanda, inakuwa nyembamba, na mtetemo unakimbia.

Basi fundi ajuaje mwendo halisi? Njia ya haraka ni kufungua kitabu cha noti. Ikiwa wimbo umeandikwa kuanzia noti fulani, anarekebisha mashine mpaka mwimbaji asikike kwenye noti hiyo. Kwa waimbaji wengi njia hiyo inafaa. Kwa De Lucia ni mtego, maana huyu bwana alikuwa na desturi ya kuteremsha nyimbo. Noti zake za juu kabisa hazikuwa imara, hivyo wapigaji walimshushia wimbo kwa nusu toni, toni nzima, wakati mwingine zaidi. Haikuwa aibu wala siri; waimbaji wengi wa enzi hizo walifanya hivyo, kama vile mpiga gitaa wetu anavyosogeza ufunguo ili mwimbaji asipasuke koo.

Sasa piga hesabu. Tuseme mtetemo wake ulikuwa mara sita kwa sekunde, tarakimu ambayo hakuna mtu angeilalamikia. Aliimba toni nzima chini ya kitabu. Fundi wa miaka ya baadaye, asiyejua hilo, anaharakisha santuri ili ifikie noti ya kitabu. Kupanda toni nzima ni kuongeza mwendo kwa asilimia 12 hivi. Mtetemo wa mara sita unakuwa mara sita na robo tatu, karibu kabisa na ule mpaka wa mbuzi. Kama wimbo uliteremshwa kwa toni moja na nusu, nyongeza ni karibu asilimia 19, na mtetemo unapita mara saba. Mtu mwenye sauti nzito kiasi, yenye rangi ya asali, anageuka kijana mwembamba anayelia. Santuri kadhaa za De Lucia zilitolewa upya kwa namna hiyo, na watu waliozinunua walisema basi, kumbe London ilikuwa na haki.

Wapo waliokataa. Michael Henstock, aliyeandika kitabu cha maisha ya De Lucia kilichotoka mwaka 1990, alilichambua suala hili la mwendo na ufunguo kwa kirefu. Wanaozipunguza kasi wana hoja ambazo mimi naziona nzito. Irabu zinasikika kama za mtu anayesema Kitaliana, si kama za mwanasesere. Pumzi zinachukua muda ambao mapafu ya binadamu yanahitaji. Na mtindo wake wa kuchelewesha neno, kulipunguza mpaka likabaki kama unyuzi, kisha kulirudisha, unapata nafasi ya kueleweka. Ukisikiliza hivyo nyimbo alizorekodi za Rossini, zile zenye noti ndogo ndogo zinazomiminika kama shanga zilizokatika uzi, utaelewa kwa nini wengine humwita shahidi wa mwisho wa uimbaji wa zamani. Katika jambo hili mimi niko upande wao.

Lakini tusiende mbali mno na mashine. Wahakiki wa London na New York hawakumsikia kwenye santuri. Walimsikia yeye mwenyewe, akiwa na miaka thelathini na kitu, na bado hawakupendezwa. Kwa hiyo hata ukiipunguza kasi santuri kwa haki kabisa, mtetemo unabaki pale, unasikika wazi, wa kasi kuliko wa waliomfuata. Mashine inaweza kulaumiwa kwa kuzidisha. Haiwezi kulaumiwa kwa kuanzisha.

Na waliomfuata ndio waliomfunga. Mwaka 1902, ule ule De Lucia alioanza kurekodi, kijana mwingine wa Napoli, Enrico Caruso, aliimba nyimbo kumi ndani ya pembe katika hoteli moja ya Milano. Sauti yake ilikuwa nzito zaidi, na mtetemo wake mpana, usio na haraka. Dunia nzima ikainunua. Tangu hapo tenori ikawa na maana ya Caruso, na De Lucia akasikika kama mtu wa jana. Sidhani alikuwa na kinyongo: Caruso alipofariki Napoli mwaka 1921, mzee De Lucia, ambaye alikwishaacha jukwaa la opera, ndiye aliyeimba kwenye mazishi yake.

Miaka thelathini baadaye kesi ilifunguliwa upya kwa mwingine. Franco Corelli, wa mji wa Ancona, alipoanza mwaka 1951 alikuwa na mtetemo wa kasi, na wasiompenda walilichezea jina lake wakamwita Pecorelli, kutokana na neno la Kitaliana la kondoo. Mnyama safari hii alibadilika, tusi halikubadilika. Corelli alijifungia akaifanyia kazi sauti yake mpaka mtetemo ukatulia, na alipofika Metropolitan mwaka 1961 hapakuwa na aliyekumbuka kondoo. Kwa hiyo, msikilizaji uliyeandika, mtetemo unaweza kufanyiwa kazi. Haukuandikwa kwenye koo kama alama ya kidole.

De Lucia hakuubadilisha wake. Alipozeeka alifundisha, na mmoja wa wanafunzi wake waliomfuata Napoli alikuwa Mfaransa Georges Thill, aliyekuja kuwa tenori mkubwa wa Paris. Santuri za Thill zipo nyingi, nazo zilirekodiwa kwa maikrofoni. Sauti yake imenyooka, imetulia, kila neno linasikika, na wala huwezi kudhani kwamba mwalimu wake alikuwa yule waliyemkunjia uso London.