Pikapu Isiyozeeka Bei

Anayejua kununua pikapu kuukuu Mbeya haendi saa sita mchana. Huenda alfajiri, na kama ni Juni au Julai, wakati Uyole baridi inauma masikio, ndiyo bora zaidi. Akishasalimia, huweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa vuguvugu, anajua mwenye gari amemtangulia kuamka: amewasha, akapasha injini moto, akazima, kisha akakaa kumsubiri. Injini ya dizeli iliyochoka huficha maradhi yake ikishapata moto. Ikiwa baridi, haina pa kuyaficha.

Gari lenyewe mara nyingi ni Toyota Hilux ya miaka ya 1990, kebini moja, rangi imepigwa upya, siti zimeshonwa upya kwa turubai. Dalali atasema gari haidai kitu. Kisha atataja bei, na mgeni wa nyanda hizi atadhani ametajiwa bei ya magari mawili. Hilux iliyotoka kiwandani mwaka 1995 mara nyingi huitishiwa fedha nyingi kuliko Vitz au IST iliyozaliwa miaka 10 baada yake. Mgeni huona dalali ana tamaa. Mkulima wa viazi wa Isyonje anaona bei ya haki, naye ndiye mwenye hesabu sahihi.

Nianze na jina la injini, maana hapo ndipo wengi hupotea. Ubavuni imeandikwa 3L, na watu husema ni ya lita 3. Sivyo. Herufi L ni jina la ukoo, na namba ya mbele ni zamu ya kuzaliwa. Injini ya 2L ina sentimita za ujazo 2,446, ya 3L ina 2,779, na ya 5L ina 2,986. Kwa hiyo inayokaribia lita 3 kwa kweli ni 5L, na 3L ni lita 2.8. Nguvu yake ni ya farasi 90 hivi, ambayo leo ni nguvu ya gari dogo la kwenda sokoni. Haina turbo wala kompyuta.

Kazi yake inaeleweka hata kwa aliyeishia darasa la saba, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Pistoni hubana hewa mpaka ibaki sehemu moja ya 22 ya ujazo wake wa mwanzo. Hewa iliyobanwa hivyo hupata moto mkali kiasi kwamba dizeli ikinyunyiziwa ndani huwaka yenyewe, bila plagi ya cheche. Pampu inayopeleka dizeli huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, na nozeli hufunguka kwa kusukumwa na mafuta. Umeme mkubwa unahitajika wakati wa kuwasha tu: kuzungusha stata, na kupasha zile hita plagi zinazosaidia silinda asubuhi ya baridi. Baada ya hapo kilichobaki ni swichi ndogo ya kushikilia njia ya mafuta. Ndiyo maana Hilux ya 3L yenye betri iliyokaribia kufa hushtuliwa kwa mteremko, na Mbeya haina uhaba wa miteremko.

Usahili huo ulilipa zaidi miaka ile ya uchakachuaji. Wengi tunakumbuka jinsi neno hilo lilivyosambaa nchi nzima kuelekea mwaka 2010. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, basi wapo waliochanganya. Hasara yake si moshi peke yake. Pampu ya dizeli haina oili yake: hulainishwa na dizeli inayopita ndani, na mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mpaka faida ya kuchanganya ikayeyuka. Tofauti na 3L, injini mpya za D-4D, zinazosukuma dizeli kwa kani inayozidi mara 1,000 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, zina nozeli zenye matundu membamba mno. Uchafu au ukavu kidogo tu, nozeli imekufa, na fundi wa kawaida hana mashine ya kuipima. Nozeli ya 3L hufanya kazi kwa kani ya mara 100 na ushei. Inavumilia, na ikishindwa kuvumilia, kuna mtu Mwanjelwa ataifungua, ataisafisha na kuipima kwa pampu ya mkono huku mwenye gari anakunywa chai.

Mtu huyo wa Mwanjelwa ni sehemu ya bei. Gari la pekee, hata liwe zuri namna gani, likiharibika Makete hubaki Makete mpaka spea ipande basi kutoka Dar es Salaam. Hilux ikikatika klachi Kikondo, spea ipo Uyole, na kama haipo Uyole ipo Makambako au Ipogolo: mpya, ya Kichina, au iliyofunguliwa kwenye gari lililokufa. Gereji bubu chini ya mkaratusi ina kijana aliyeshusha injini ya namna hiyo mara nyingi mpaka hazikumbuki. Kadiri Hilux zinavyokuwa nyingi, mafundi huzijua zaidi, spea hushuka bei, na watu huzidi kuzitaka. Anayenunua pikapu ananunua na mafundi wake, hata kama kadi ya gari haiwataji.

Lakini isiwe tunasifu tu. Milima hii huionea injini isiyo na turbo. Barabara ya Mbeya kwenda Chunya hupanda kupita mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 21 kuliko Bandarini Dar es Salaam. Injini inavuta hewa pungufu huku pampu ya kawaida ikiendelea kupima dizeli kwa mguu wa dereva. Dizeli inayokosa hewa haiungui yote, na ndiyo ule moshi mweusi unaouona ukipanda kona za Kawetere. Dereva mzoefu haoni aibu kurudi gia ya pili na kupanda taratibu. Anayekanyaga mpaka mwisho anachoma fedha, na akiendelea anachemsha injini.

Kuchemsha ndiyo kidonda cha ukoo wa L. Silinda hedi za 2L, hasa zilizofungwa turbo, zinajulikana kwa kupasuka zikipata joto kupita kiasi. Ya 3L ni afadhali, lakini si ya chuma cha mbinguni. Rejeta iliyoziba kwa tope na majani ya chai ya Mufindi huua injini ambayo ingedumu miaka 10 mingine. Tena kuna mkanda wa taimingi, wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hukutana na pistoni. Muuzaji asiyeweza kusema mkanda ulibadilishwa lini, mpunguzie bei hapo hapo.

Chini ya bodi ndipo fedha nyingine ilipolala. Hilux ya 4x4 ya msimbo LN106, iliyotengenezwa kati ya 1988 na 1997, ina ekseli nzima mbele na springi za majani mbele na nyuma, kama lori dogo. Ikipita barabara ya mawe inakurusha, utafika na mgongo umelegea. Ila springi hizo huongezwa jani fundi anapotaka, na huongezwa kweli, kwa sababu gari la tani moja linapelekwa kwenye shamba la viazi. Gunia la kisheria halizidi kilo 100. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, haijui sheria. Ndiyo sababu mnunuzi hujilaza chini na tochi kutafuta ufa na mistari ya kuchomelea kwenye chasi, hasa nyuma ya kebini ambapo mzigo huivunja. Bodi hunyooshwa, rangi hupigwa. Chasi iliyochomelewa mara tatu imekwisha.

Hapa sitanyamaza juu ya jambo moja. Magari haya hayana mifuko ya hewa wala breki za ABS, na breki za nyuma ni za ngoma, zinazolegea zikipata moto. Kuteremka Kitonga na tani moja na nusu, na juu ya magunia kukaa akina mama wanne na watoto, ni kuweka maisha ya watu juu ya kipande cha breki pedi. Uimara wa injini hauwakingi. Nimeona mizigo hiyo tangu utoto, na bado roho yangu hushtuka kila mara.

Sababu nyingine ya bei iko mbali sana na Isyonje. Watanzania tumezoea magari ya mkononi kutoka Japani, na wingi wake ndio unaoshusha bei ya Vitz na IST. Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ilipiga marufuku dizeli za biashara zisizofikia kiwango kipya cha moshi. Dizeli kuukuu zikapoteza thamani kwao, zikatafuta bahari. Mwaka uliofuata, 2004, Toyota ikaacha kabisa kuuza Hilux nchini Japani, na haikuirudisha hadi 2017. Miaka 13 Wajapani hawakununua Hilux mpya, kwa hiyo hawakuwa na Hilux ya umri huo ya kutuuzia mkononi. Zile za kizazi kilichofuata zilikuja mpya kwa bei ya taasisi na kampuni, nyingi zikitoka kiwanda cha Durban. Bomba lilifungwa, na zilizokwisha kuingia zikawa mali.

Mahali gari lilipounganishwa panasomeka kwenye namba ya chasi: ikianza na JT ni Japani, ikianza na AHT ni Afrika Kusini. Bamba la namba halisemi hivyo. Watu hutamba kwamba gari ni namba D, kana kwamba ni umri. Herufi zile zilizoanzia AAA zinaonyesha lini TRA ilisajili gari, basi. Pikapu ya mradi wa wafadhili iliyotembea miaka mingi na bamba la DFP, ikauzwa mnadani mradi ulipofungwa, hupata namba mpya siku ya kuingia mikononi mwa raia. Mwaka 1994 unaweza kuvaa herufi C na kuonekana kijana.

Hilux inapofikia mwisho, mara nyingi ni chasi inayokufa, wala si injini. Hapo huuzwa vipande vipande, na jumla ya vipande huweza kukaribia bei ya gari zima. Injini ya 3L huhamia ndani ya Land Rover 109, kongwe kuliko yenyewe, ambayo bodi yake ya aluminiamu haijui kutu lakini injini yake ya petroli ilishachoka zamani. Giaboksi inakwenda na injini. Milango hununuliwa na mtu wa Ilula aliyepinduka na matenga ya nyanya. Ekseli ya nyuma, pamoja na magurudumu yake mawili, huteremshwa Usangu. Huko huundiwa fremu ya mbao na chuma, hufungwa ng'ombe wawili mbele, na wakati wa mavuno ya mpunga Mbarali hurudi kubeba magunia.